Pwani Iliyokuwa Mlangoni mwa Ngome: Matembezi ya Ramani Kuukuu Mjini Lamu

Kwa miaka mitatu nimekuwa nikipita mbele ya Ngome ya Lamu kila asubuhi nikienda kazini, na sikuwahi hata mara moja kujiuliza kwa nini ngome ya mji wa mabaharia iwe mbali na maji, ikitazama uwanja na wachuuzi badala ya kutazama majahazi. Swali hilo niliulizwa mwezi uliopita na kijana aliyeshika karatasi nne zilizofunikwa nailoni, na kwa kuwa sikuwa na jibu la kumpa, nililipa shilingi 1,200 anazotozwa mkaazi wa kaunti, nikamfuata. Matembezi anayoyaongoza pamoja na mzee mmoja aliyekuwa nahodha wa jahazi hayana bango wala ofisi. Anayeyataka huulizia mabarazani karibu na ngome baada ya sala ya Alasiri, naye huonyeshwa. Wenyewe huyaita matembezi ya ramani kuukuu, na humtembeza mtu katika mji uliopo akiwa ameushika mkononi mji uliokuwepo.

Nimeyatembea mara mbili: mara ya kwanza peke yangu, mara ya pili pamoja na shangazi yangu aliyezaliwa mtaa wa Mkomani zaidi ya miaka 70 iliyopita. Laiti ningeishia mara ya kwanza, tathmini hii ingekuwa fupi na yenye sifa tupu.

Karatasi zenyewe ni nakala, na hilo husemwa wazi tangu mwanzo. Ya kwanza ni kipande cha ramani ya bahari ya aina waliyoichora wanamaji wa Kiingereza katika karne ya 19, baada ya Kapteni William Owen kuipima pwani yetu katika miaka ya 1820. Ya pili ni plani ya mji ya wakati wa ukoloni. Ya tatu ni mchoro wa nyumba kwa nyumba wa miaka ya 1980, muongo ambao mpango wa kuuhifadhi Mji wa Kale uliandaliwa, na ya nne ni picha ya setilaiti ya leo. Hizi mbili za mwisho zimechapishwa kwa kipimo kimoja kwenye karatasi nyembamba, ili mtu aweze kuziweka moja juu ya nyingine, akaziinua kwenye jua, akaona kilichoongezeka na kilichopungua. Ni ufundi rahisi na wa busara. Ile ya kwanza, kwa bahati mbaya, imepunguzwa mno hata tarakimu za kina cha maji zimekuwa kama punje za ufuta, na aliyezoea miwani ya kusomea hatafaidi kitu bila kuomba asomewe.

Ninalisisitiza neno nakala kwa sababu mtafunwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Miaka miwili iliyopita nilinunua katika duka moja la vitu vya kale, ambalo sitalitaja, karatasi niliyoambiwa kuwa ni ramani ya Lamu ya zama za Masultani wa Unguja. Ilikuwa na rangi ya udongo na kingo zilizoliwa, nami nikaitolea shilingi 4,000. Nilipoifikisha nyumbani ilinuka majani ya chai, na kuchunguza kidogo tu kulinionyesha kwamba njia kuu ya mji ilikuwa imeandikwa Harambee Avenue, jina ambalo lisingeweza kuwapo kabla ya uhuru wa 1963. Wazee wa hapa huiita njia hiyo Usita wa Mui, yaani njia ya mji, na mpaka leo ukimtajia mtu wa makamo hilo jina la kiserikali, atakuelewa lakini atajua kwamba wewe si wa hapa.

Kituo cha kwanza ndicho kilicho bora kuliko vyote, na laiti wangekiweka mwisho. Ngome ilianza kujengwa mwaka 1813, baada ya watu wa Lamu kuwashinda watu wa Pate na Mombasa katika vita vya Shela na kuomba himaya ya Sultani wa Omani, ikamalizika mwaka 1821. Ilijengwa ukingoni mwa maji. Kijana hufungua ramani ya bahari, akaonyesha kwamba aliyeichora alikuwa ndani ya merikebu na hakuwa na haja na vichochoro vyetu: alichokitaka ni mafungu ya mchanga, kina cha mlango kati ya Lamu na Manda, na alama mbili au tatu za nchi kavu za kumwelekeza nahodha. Mji wenyewe kwake ni mistari ya kivuli, na juu yake limeandikwa jina kwa tahajia ya Kizungu ya wakati ule, yenye herufi "o" mbili mwishoni kana kwamba mtu anaita ng'ombe. Lakini kwa kuwa alikuwa mtu wa baharini, jambo moja alilipima kwa makini kuliko yeyote aliyekuja baada yake, nalo ni mstari wa pwani. Kijana hutembea kutoka mlango wa ngome kuelekea baharini huku akihesabu hatua kwa sauti, na kabla hajafika gatini huwa ameshapita mia.

Hapo mzee nahodha, aliyekuwa kimya, husema neno moja tu. "Mwanangu, mai yakiya hata hapa," yaani maji yalikuwa yakija mpaka hapa. Kisha hukigonga kwa fimbo kizingiti cha duka la vitambaa.

Ardhi hiyo yote, pamoja na maduka na nyumba zilizo juu yake, ni kazi ya watu. Ni kifusi cha nyumba zilizoanguka, mawe ya matumbawe, taka na mchanga vilivyorundikwa mbele ya mji kizazi baada ya kizazi, mpaka katika karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20 wafanyabiashara, wengi wao wenye asili ya Kihindi, wakapata mahali pa kujenga maghala na nyumba za varanda zinazotazama maji. Msafiri anayeshuka botini leo akapiga picha ile safu ya nyumba nyeupe za mbele, akidhani ameuona uso wa kale wa Lamu, kwa kweli ameipiga picha sehemu changa kuliko zote za mji wa mawe. Uso wa kale uko nyuma yake, umefunikwa.

Ukipiga kona ukaingia nyuma ya ngome unafikia Msikiti wa Pwani, ambao maandishi yake yana mwaka wa Hijria 772, sawa na 1370 Miladia. Nimelisikia jina hilo tangu utotoni bila kulitafakari. Msikiti wa Pwani hauko pwani. Kati yake na bahari kuna ngome, uwanja, maduka na barabara ya mbele. Ramani inatuambia kwamba pwani ilikuwa karibu, na jina linatuambia hivyohivyo, tena jina lina umri mkubwa kuliko karatasi yoyote iliyomo katika ule mfuko. Kijana alilisema hili kwa haraka, kama mtu anayetaja jambo la pembeni, akaendelea mbele. Mimi nilibaki nyuma kidogo, kwa sababu nilihisi kwamba pale ndipo matembezi yote yalipostahili kusimama.

Sababu yangu ni hii. Lamu haikuwa mji wa ramani za mitaa, kwa maana ya mji ambao kila njia ina jina kwenye kibao na kila nyumba ina namba. Hapa mtu huelekezwa kwa msikiti, kwa kisima, kwa mti, kwa nyumba ya fulani bin fulani, na majina hayo hudumu hata baada ya mti kukatwa na fulani kuzikwa. Mkomani ni mahali pa mikoma, miti ya jamii ya mitende, na nani leo anaonyesha mkoma pale? Utukuni ni mahali pa utuku, yaani soko kwa Kiamu, lahaja yetu ya Lamu. Langoni ni mahali pa lango, na lango halipo, wala ukuta uliolibeba haupo. Anayetafuta alama zilizotoweka angeweza kuanza kwa kuyasikiliza majina haya, kisha ndipo aende kwenye karatasi kutafuta ushahidi. Waongozaji wetu hufanya kinyume, huanza na karatasi na kulitaja jina kama kitoweo cha juu, ingawa wao wenyewe ni wazawa na majina wanayajua kuliko mtu yeyote.

Hata hivyo, Langoni walinitendea haki. Mzee alisimama penye makutano ya njia mbili, akaigeuza plani ya mkoloni hata maandishi yakawa kichwa chini, akaeleza kwamba mji huu haukupangwa kwa kuangalia barabara bali kwa kuangalia kibla, na kwa kuwa Makka kutoka hapa iko kaskazini karibu sawasawa, nyumba nyingi za mawe zimelala zikifuata mwelekeo huo. Ukilijua hilo, plani inasomeka. Mahali ambapo kuta zinaacha kufuata kibla na kuanza kufuata pwani au mpaka wa shamba, mara nyingi umetoka katika mji wa zamani na kuingia katika upanuzi wa baadaye. Alitufanya tutembee hatua 50 huku tukiangalia kuta, na kweli nilihisi njia inavyolegea, inavyopinda, nyumba zinavyopungua urefu. Hapakuwa na kibao, wala jiwe la ukumbusho. Sijawahi kufundishwa kitu kwa namna nzuri kama ile, na ada yote niliyotoa ningeitoa kwa robo saa hiyo peke yake.

Posta ya Wajerumani walipita haraka, na walifanya vyema. Kila mgeni huambiwa habari yake: ilifunguliwa Novemba 1888 wakati Wajerumani walipokuwa na himaya yao kule Witu, bara, na kuihitaji bandari ya Lamu kwa barua na biashara, ikafungwa Machi 1891 baada ya Witu kuingia mikononi mwa Waingereza. Jengo lipo, ni makumbusho, na mtu anaweza kuingia mwenyewe bila kuongozwa. Vilevile habari za ngome kuwa gereza kuanzia 1910 hadi 1984 zilitajwa kwa sentensi mbili, ingawa ningependa kusikia zaidi, kwa maana kwa watu wa umri wa shangazi yangu jengo lile halikuwa ngome bali jela, na walipita mbele yake wakiharakisha.

Sehemu inayohusu mchoro wa miaka ya 1980 ilinishangaza kwa jambo ambalo sikulitarajia. Nilidhani tungeonyeshwa majumba yaliyokuwapo wakati ule na sasa hayapo. Yapo machache ya namna hiyo, hasa upande wa Langoni, ambako nyumba za udongo na makuti zimeachia nafasi nyumba za matofali na mabati. Lakini Mkomani kilichotoweka zaidi ni magofu. Katika mchoro kuna vipande vingi vilivyo wazi, kuta bila paa, viwanja vilivyoota miti ndani ya vyumba, nayo picha ya setilaiti inaonyesha mapaa mahali palepale. Mengi yaliyokuwa yameanguka yamenunuliwa, yakasimamishwa upya, yakaongezwa ghorofa ya juu yenye makuti na kuwa nyumba za wageni. Shangazi alikumbuka gofu moja alikocheza utotoni na wenzake, ambalo lango lake sasa lina kengele ya umeme na mlinzi. Mtu anaweza kusema kwamba huko ni kufufuka, na Lamu iliyoingizwa mwaka 2001 katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO ilihitaji kuta zake zisimame. Ila gofu nalo lilikuwa na kazi yake mjini. Watoto walilichezea, mbuzi walilala humo, na wenye ukoo wao walilihesabu kuwa mali yao isiyohitaji hati.

Naongeza hapa kwamba ni bahati ya ajabu kuweza kusimamisha michoro ya zamani juu ya mji wa leo ikakaa. Jaribu hivyo Mombasa, ambako magari na bandari vimelazimisha njia kupanuliwa na mitaa kukatwa vipande. Reli ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, ikafika Ziwa Victoria mwaka 1901, biashara iliifuata, na Lamu ikabaki na majahazi yake na punda wake. Umaskini ule ndio uliohifadhi vichochoro. Kijana alilieleza hili vizuri, bila masikitiko na bila majivuno.

Sasa lawama. Ya kwanza ni simu. Kwa ada ya nyongeza ya shilingi 300 unapewa programu inayoiweka plani kuukuu juu ya picha ya setilaiti na kukuonyesha nukta ya mahali uliposimama. Wazo ni zuri, lakini halifanyi kazi pale linapohitajika zaidi. Ili plani ikae juu ya picha ya leo, ni lazima zichaguliwe nukta ambazo hazijasogea tangu ichorwe, mathalan pembe za ngome au kuta za msikiti, kisha karatasi ivutwe hata nukta hizo zilingane. Kijana alikiri kwamba yeye alitumia nukta nne tu, zote zikiwa upande wa mbele wa mji, na ndiyo maana ukienda nyuma, nyumba zinaanza kupanda juu ya njia. Juu ya hayo, vichochoro vyetu vingine havizidi upana wa punda mwenye mzigo, kuta zake zina ghorofa mbili, na mawimbi ya setilaiti hugonga kuta hizo yakarudi yamepotoka. Mara mbili nukta yangu ilionyesha kwamba niko ndani ya chumba cha mtu. Shilingi 300 zihifadhini kwa juisi ya ukwaju.

Lawama ya pili ni nzito, na sikuijua mpaka nilipomleta shangazi. Tulifika mahali ambapo plani ya mkoloni imeweka alama ya kisima, na kijana akaonyesha njia ambayo watu waliifuata kwenda kuteka maji. Shangazi akasikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akasema, "Bwana Nahodha, nani alipita ndia hii kuteka mai? Wanaume." Mzee akacheka, akajibu, "Ni kweli, Mwana." Shangazi akatueleza kwamba wanawake wa nyumba zile hawakushuka njiani mchana. Walipita ndani kwa ndani, kwa milango iliyounganisha nyumba za ndugu, na kwa wikio, vile vyumba vilivyojengwa juu ya njia kuunganisha ghorofa za pande mbili, hata mtu angeweza kutoka kwa dada yake mpaka kwa shangazi yake bila kuonwa na mpita njia. Alizitaja nyumba sita kwa mfuatano, akionyesha kwa kidole ukuta hadi ukuta, na milango minne kati ya ile iliyoziunganisha imezibwa baada ya nyumba kugawanywa kwa urithi au kuuzwa.

Njia hiyo haimo katika karatasi ya kwanza, wala ya pili, wala ya tatu. Mpimaji wa mkoloni alikuwa mwanamume mgeni aliyepima kile alichoruhusiwa kukiona, na alichoruhusiwa ni ukuta wa nje, daka la mlangoni na kichochoro. Mchoro wa miaka ya 1980 umechora vyumba kwa ukarimu zaidi, lakini mlango uliokwisha kuzibwa huonekana kama ukuta mwingine wowote. Kwa hiyo katika mji wa Lamu zipo njia zilizotoweka ambazo hazikuwahi kuchorwa, na waliozitembea bado wako hai, wamekaa ndani wakisuka mikeka, na hakuna aliyewauliza. Huduma inayojinasibu kwa kuutafuta mji uliopotea haiwezi kuongozwa na wanaume wawili tu. Nilimwambia kijana hivyo, naye hakukasirika. Alimwomba shangazi arudie majina ya nyumba, akayaandika kwa penseli kwenye ukingo wa karatasi ya tatu, akauliza kama angeweza kuja nyumbani siku ya Ijumaa. Shangazi alimwambia aje na dada yake.

Mengine ni madogo. Heshima ya faragha waliizingatia kuliko kundi lolote la waongozaji nililowahi kuliona: hakuna aliyeruhusiwa kupiga picha mlango ulio wazi, na tulipofika penye kina mama waliokaa barazani, mzee alitoa salamu akasubiri kuitikiwa kabla ya kutupitisha. Saa mbili walizoahidi zilikuwa karibu saa mbili na nusu. Maji ya kunywa hayatolewi. Wasiozungumza Kiswahili hutafsiriwa na kijana, na kwa nilivyosikia mara ya pili, tafsiri huacha nusu ya maneno ya mzee, hasa yale ya Kiamu, kwa hiyo mgeni anayelipa shilingi 2,500 anapata pungufu kuliko mkaazi aliyelipa chini ya nusu yake.

Ninatamani pia matembezi yangetoka nje ya mji kidogo. Wiyoni, upande wa kaskazini, na Hidabu, upande wa kusini, zinatajwa katika masimulizi ya wazee kuwa miji miwili iliyotangulia, iliyopigana mpaka mmoja ukaushinda mwingine, na inasemwa kwamba Hidabu imelala chini ya mchanga. Mzee aliniambia kwamba magoti yake hayamruhusu kufika huko.

Atakayekwenda avae ndara zenye kushika, kwa sababu njia za nyuma huteleza kwa maji ya mifereji, na achague siku ya bamvua iliyo karibu na mwezi mpevu au mwezi mwandamo. Siku hizo maji hupanda hadi ukingoni mwa gati jioni ile ile matembezi yanapomalizika, na mzee, akiwa hajachoka, humrudisha mtu mbele ya duka la vitambaa, akamwonyesha kwa fimbo ni umbali gani uliobaki.